Mnara Uliotiwa Kiganjani

Katika mwaka wa 2008 ilianza kuuzwa katika maduka ya Amerika ya Kaskazini kadi ndogo ya mchezo, iwezayo kufichwa ndani ya ngumi ya mtoto, ambayo ikichomekwa katika chombo cha Nintendo DS humfungulia mchezaji kiwanja kizima cha ndege, pamoja na barabara zake za kurukia, na maegesho yake, na marubani wake wanaongoja kuambiwa la kufanya. Wamarekani waliupa mchezo huo jina la Air Traffic Chaos. Lakini kwao ulikozaliwa, yaani Japani, ulikuwa tawi moja la ukoo mrefu wa michezo uitwao Boku wa Kōkū Kanseikan, maana yake Mimi ni Mwongoza Ndege, ukoo ulioanzishwa mwaka wa 1998 na kampuni ya TechnoBrain kwa ajili ya kompyuta za mezani, na ambao baadaye kampuni ya Sonic Powered iliuhamishia katika vyombo vya kushikwa mkononi.

Michezo ihusuyo ndege imekuwako tangu kompyuta zilipoanza kuchora mistari, na aghalabu humweka mchezaji katika kiti cha rubani, usukani mkononi na bunduki kidoleni. Mchezo huu ninaouandikia habari zake humnyima usukani na humnyima bunduki. Humpa idhini. Ndege haiinui gurudumu wala haigeuzi pua yake mpaka yeye aseme, na akisha kusema hana uwezo mwingine juu ya ndege ile ila kungoja maneno yake yarudishwe na sauti ya rubani. Naona kwamba hicho ndicho kiini cha kazi yenyewe ya kuongoza ndege, na kwamba ni jambo lenye kustahiki kuwekewa historia jinsi dhamana nzito kiasi hiki, iliyofunzwa kwa mauti ya mamia ya watu, ilivyoweza kuingizwa katika chombo cha kuchezea pasipo kudhalilishwa. Ili msomaji apate kuipima kauli hii kwa insafu, yafaa turudi nyuma mpaka siku ambazo neno lenyewe lilikuwa halijafika angani.

Mwanzo wa kazi hii haukuwa na sauti. Kiwanja cha Croydon, kusini ya London, kilikuwa na mnara wake tangu mwaka wa 1920, na siku hizo ndege zilikuwa chache hata mtu mmoja mwenye macho mazuri aliweza kuzihesabu zote zilizokuwa karibu naye. Huko St. Louis, katika Marekani, kazi hiyo ilikabidhiwa mwaka wa 1929 kijana aitwaye Archie League, ambaye hapo kwanza alikuwa rubani wa maonyesho ya angani. League hakupewa mnara. Alikuwa na toroli, akalisukuma mpaka ukingoni mwa uwanja, na ndani yake mlikuwa na kiti, na mwavuli wa kumkinga na jua, na daftari, na chakula chake cha mchana pamoja na maji ya kunywa, na bendera mbili: nyekundu ya kumzuia rubani na ya miraba ya kumruhusu. Rubani aliyeiona nyekundu alingoja, aliyeiona ya miraba aliruka, na ambaye hakutazama chini alifanya alilolitaka. Hata hivyo katika bendera hizo mbili imo asili ya kila amri ambayo mtoto wa leo huigusa kwa kalamu juu ya kioo cha chombo chake, kwani mpaka sasa kazi yote, ukiichambua hata mwisho, haina zaidi ya kuzuia na kuruhusu.

Redio ndiyo iliyoileta sauti. Mnara wa Cleveland ulitiwa redio mwaka wa 1930, na tangu hapo mwongoza ndege akaweza kusema na mtu asiyemwona, gizani na mawinguni. Lakini redio ya mnara haikufika mbali, na katikati ya mji na mji anga lilikuwa bado halina mwangalizi. Kwa sababu hiyo mashirika ya ndege, si serikali, yalifungua mwezi wa Desemba 1935 kituo cha kwanza cha kuangalia njia za angani, katika kiwanja cha Newark karibu na New York. Na mwezi wa Julai uliofuata serikali ya Marekani ikakichukua, pamoja na vile vya Chicago na Cleveland. Waliofanya kazi humo hawakuwa na rada, wala hawakuweza kusema na rubani yeyote moja kwa moja. Waliletewa habari kwa simu, wakaziandika ubaoni, wakapiga hesabu ya saa na mwendo ili wajue mahali ndege ilipopaswa kuwa wakati ule, kisha juu ya meza yenye ramani wakasogeza vijimashua vidogo, kila kimoja kikibeba kikaratasi chenye habari za ndege yake, mfano wa wazee wasogezao kete za bao. Vijimashua hivyo navitaja kwa makusudi, maana mtu anenaye kwamba michezo ya leo imeigeuza kazi ya heshima kuwa upuuzi hana habari kwamba kazi yenyewe ililelewa mezani, kwa ubao na vipande vya kusogezwa, na kwamba akili inayodaiwa katika hali zote mbili ni moja, nayo ni kukiona kilicho ghaibu na kukijua kabla hakijatokea.

Hesabu peke yake haikutosha. Asubuhi ya tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili kubwa, moja ya TWA na moja ya United, ziliondoka Los Angeles zikipishana dakika chache tu, na zilipofika juu ya bonde kuu la Grand Canyon, katika anga ambamo kila rubani alitakiwa ajiangalie kwa macho yake mwenyewe, zikagongana, wakafa watu wote 128 waliokuwamo. Msiba huo uliwaamsha waliolala. Fedha za rada zikapatikana, na mwaka wa 1958 ikatungwa sheria ya kuunda mamlaka moja ya kuangalia anga lote la nchi ile. Mahali pa vijimashua pakakaliwa na nukta za nuru.

Lakini rada humwonyesha mwongozaji mahali ndege ilipo. Haimwonyeshi rubani amesikia nini. Fundisho hilo lililipiwa tarehe 27 Machi 1977 katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ambako hapakuwa na rada ya kutazamia ndege zilizo chini, na ukungu ulikuwa umeshuka hata waliomo mnarani hawakuiona barabara ya kurukia. Bomu lililolipuka katika kiwanja cha kisiwa jirani lilikuwa limezifukuza ndege nyingi zikimbilie huko, miongoni mwao Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am. Ile ya KLM ilikuwa imekwisha kugeuka mwishoni mwa barabara, tayari kwa safari, ilhali ile ya Pan Am ilikuwa ingali ikitambaa juu ya barabara ile ile, ikitafuta njia ya kutokea. Mnara ulimsomea rubani wa KLM njia atakayoifuata akisha kupaa, naye akaichukua kauli hiyo kuwa ndiyo ruhusa ya kupaa yenyewe. Msaidizi wake alitamka redioni maneno yasiyo wazi, ambayo mtu angeweza kuyafahamu kwamba wako tayari au kwamba wamekwisha kuanza. Mnara ukaitikia kwa neno la kukubali, kisha ukaongeza kuwataka wangoje, na katika nukta ile ile ya wakati rubani wa Pan Am naye akasema kwamba wao wamo barabarani bado. Sauti mbili zikiingia redioni kwa pamoja huharibiana, na baada ya neno lile la kukubali, kilichofika katika chumba cha marubani wa KLM kilikuwa mlio mtupu. Walikufa watu 583, na hakuna ajali ya ndege, kabla yake wala baada yake, iliyoua wengi kama hao.

Baada ya Tenerife lugha ya redio ilisafishwa kama ipasavyo kusafishwa hati ya mahakama. Neno lenyewe la kupaa liliwekewa mwiko: halitamkwi ila katika kutoa ruhusa ya kupaa au katika kuiondoa, na mahali pengine popote hutumiwa neno la kuondoka. Rubani naye akalazimishwa kuirudia ruhusa aliyopewa kwa maneno kamili, asitosheke na kuitikia kwa neno moja, na mwongozaji akalazimishwa kuyasikiliza marudio hayo. Wala sheria hizi si za nchi moja. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 ndio uliozaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na ni kwa kanuni za shirika hilo kwamba mtu aliye mnarani Dar es Salaam, au Nairobi, au Entebbe, au Tokyo, hutumia maneno yale yale machache ya Kiingereza kwa mpango ule ule mmoja. Mtoto wa Kitanzania akiushika mchezo huu wa Kijapani, akasikia sauti za watu wa Japani zikinena Kiingereza cha angani, huwa anaisikia lugha ile ile isemwayo kila siku juu ya mapaa ya Kipawa, karibu na kiwanja cha Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye mchezo. Kompyuta zilipoanza kununulika na watu wa kawaida, mwishoni mwa miaka ya 1970, David Mannering wa Marekani alitunga programu aliyoiita Air Traffic Controller, ikachezwa katika TRS-80, kompyuta ambayo kioo chake kiliweza kubeba mistari 16 tu ya maandishi, kila mstari herufi 64. Humo hamkuwa na picha ya ndege. Ndege ilikuwa herufi, na mchezaji alizifahamu herufi zake kwa nambari zilizoonyesha kimo na mwelekeo. Miaka ikapita, na mwaka wa 1987, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Ed James akaandika programu nyingine ya namna hiyo, ambayo ingali ikigawanywa pamoja na michezo ya zamani ya Unix. Katika programu hiyo herufi kubwa ni ndege ya panga-boi na herufi ndogo ni ndege ya jeti, na jeti huenda hatua moja kila saa ya mchezo inapogonga, ilhali ya panga-boi huenda hatua moja kila inapogonga mara mbili. Mtungaji aliacha maelezo kwamba aliufuata mchezo wa zamani aliousikia ukisimuliwa na mtu mwingine. Jambo hilo hunipendeza kila ninapolikumbuka: mchezo wa kuongoza kwa maneno nao ulivuka kutoka mashine hadi mashine kwa maneno ya mdomo.

Upande wa Uingereza kazi ilishikwa na mtu aliyeijua kwa undani. Mike Male, ambaye riziki yake ilitokana na kuongoza ndege kwelikweli, alitunga mchezo wa Heathrow Air Traffic Control, ukachapishwa na Hewson Consultants kwa kompyuta ya ZX Spectrum mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchezo wake ulidai uzipange ndege zitokazo katika mizunguko ya kungojea, uzishushe daraja kwa daraja, uziachie nafasi ipasayo, na uzifikishe kwenye mstari wa kutua moja baada ya nyingine. Na aliyetaka furaha ya haraka hakuipata humo.

Huko Marekani wakati huo huo kazi ya kuongoza ndege ilikuwa imeingia katika vinywa vya watu wote, kwa sababu ya shari na wala si ya kheri. Tarehe 3 Agosti 1981 waongozaji wapatao 13,000 waligoma wakidai ujira bora na saa chache zaidi za kazi, wakieleza uchovu uwapatao. Rais Ronald Reagan akawapa saa 48 wawe wamerudi, na zaidi ya 11,000 ambao hawakurudi wakafukuzwa. Watu ambao hawakupata kufikiri hata siku moja kwamba nyuma ya kila safari yao ameketi mtu chumbani akisema, wakamjua mtu huyo alipokosekana. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1985, kampuni ya MicroProse ikatoa Kennedy Approach, utungo wa Andy Hollis, ambao mchezaji wake huanza Atlanta na kupanda daraja kwa daraja mpaka kiwanja cha Kennedy cha New York, ambako ndege aina ya Concorde huingia kwa kasi kati ya ndege ndogo za mwendo wa pole. Ila kilichouweka mchezo huo katika kumbukumbu za watu kilikuwa sauti. Kompyuta ilinena. Amri aliyoitunga mchezaji ilitamkwa, na rubani akaijibu, kwa sauti ngumu ya mashine iliyokwaruza masikio. Na kwa mara ya kwanza mtu aliyeketi nyumbani kwake alihisi kwamba amri yake imesafiri, ikamfikia mwingine, ikapokelewa.

Hapo ndipo Wajapani walipouchukua uzi. Katika Boku wa Kōkū Kanseikan sauti ya mashine imeondolewa, mahali pake wamewekwa watu wenye sauti zao. Viwanja ni vya kweli, vilivyochorwa kwa uaminifu: Haneda ya Tokyo, Naha ya Okinawa, Narita na vinginevyo, na kila Wajapani wenyewe walipojenga barabara mpya, watungaji nao walijenga. Haneda ilipofungua barabara yake ya nne ya kurukia mwezi wa Oktoba 2010, mchezo wa Haneda ulikuwa umezeeka kwa siku moja. Kwanza ulichezwa mezani, kisha ukaingia katika Game Boy Advance, katika PSP, katika Nintendo DS na katika 3DS, na kila ulipoingia katika chombo kidogo zaidi ulilazimika kuchagua cha kubaki nacho.

Katika DS uchaguzi huo ulifanywa kwa hekima. Chombo hiki, kilichoingia sokoni mwishoni mwa mwaka wa 2004 na ambacho kiliuzwa zaidi ya milioni 154 duniani, kina vioo viwili, na kimoja hupokea mguso wa kalamu. Yeyote aliyepata kuona chumba cha mnara hatakosa kushangaa jinsi vioo viwili hivi vilivyokwenda sambamba na mambo mawili ambayo mwongozaji hugawanya macho yake kati yake: dirisha, na vipande vya karatasi. Maana mpaka leo katika minara mingi kila ndege ina kipande chake chembamba cha karatasi, chenye jina lake la redio, aina yake, iendako na saa yake, na kipande hicho hupita mkono kwa mkono kadiri ndege ipitavyo sauti kwa sauti. Ndani ya DS vipande hivyo vimo. Mchezaji hukigusa kimoja, na orodha ya amri zinazofaa kwa wakati ule hufunguka: idhini ya kusukumwa nyuma kutoka maegeshoni, kutambaa hadi barabara ya kurukia, kungoja kabla ya kuingia, kuingia na kungoja, kupaa, kubadilisha wimbi la redio na kumwita mwongozaji mwingine. Hilo la mwisho linanipendeza kuliko yote. Mnarani hapakai mtu mmoja mwenye kauli juu ya kila kitu. Yuko wa ardhini, yuko wa barabara ya kurukia, yuko wa waondokao na yuko wa wajao, na ndege huwa amana inayokabidhiwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Mchezaji huzichukua nafasi zote hizo, na akisahau kuikabidhi ndege, rubani huendelea kukaa katika wimbi lisilo lake akingojea neno lisilokuja.

Na kungojea kuna bei. Mchezo huu hauwekei adhabu kugongana peke yake, bali hupima pia subira ya marubani, na kila anayecheleweshwa huongeza dhiki katika kipimo kilicho mbele ya mchezaji mpaka kikajaa na siku ikaharibika. Mwanafunzi mwenye hofu hudhani kwamba salama ya hakika ni kuzizuia zote. Kipimo kile humwonyesha upesi kwamba aliyezuia kila kitu naye amevuruga, kwani nyuma ya ndege iliyosimama kuna nyingine inayotua, na ile inayotua haiwezi kusimama hewani. Nimeushika mchezo huu mikononi, na lile ninalolikumbuka ni jinsi kalamu inavyosita juu ya kioo, ndege moja ikiwa imeingia barabarani na nyingine ikionekana mbali ikishuka, mtu akipima kwa jicho kama umbali ule unatosha au hautoshi. Wala hakuna hesabu iandikwayo mahali popote ya kumwambia.

Lakini wakati ukoo huu wa michezo ulipokuwa katika ujana wake, anga halisi la Japani lilitoa funzo ambalo mchezo haukuwa nalo. Tarehe 31 Januari 2001, karibu na mji wa Yaizu, ndege mbili za Japan Airlines, nambari 907 iliyokuwa ikitoka Haneda kwenda Naha na nambari 958 iliyokuwa ikitoka Busan kwenda Narita, zilikaribiana. Mwanafunzi wa kuongoza ndege, akisimamiwa na mkubwa wake, alikusudia kuishusha 958. Kinywani ikamtoka 907. Wakati huo huo chombo kilichomo ndani ya 907, chenye kazi ya kuonya marubani wakaribiapo kugongana, kilimwamuru rubani apande. Rubani akaifuata sauti ya mtu, akashuka, na ile nyingine nayo ilikuwa ikishuka. Zilipishana karibu mno hata ikabidi rubani wa 907 aizamishe ndege kwa nguvu, na watu wapatao 100 wakajeruhiwa ndani yake. Hakufa mtu. Wote wawili, mwanafunzi na msimamizi wake, walishtakiwa. Mahakama ya kwanza iliwaachilia, ya rufani ikawatia hatiani, na mwaka wa 2010 Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi ile ikaithibitisha hukumu. Nambari moja badala ya nyingine, miaka tisa mpaka hukumu ya mwisho. Naamini kuwatia hatiani watu wawili kwa ulimi ulioteleza hakukuwa haki, kwa kuwa mwongozaji aogopaye jela huwa mzito wa kukiri kosa lake mapema, na kosa likikiriwa mapema ndipo linapotibika.

Mgongano wa amri mbili, ya mtu na ya chombo, haukupata jibu upesi. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, kusini ya Ujerumani, jambo lile lile lilitokea kati ya ndege ya mizigo ya DHL na ndege ya Kirusi iliyojaa watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Mwongozaji mmoja aliyekuwa macho pale Zürich, akihudumia meza mbili peke yake, aliwaambia Warusi washuke, chombo chao kikawaambia wapande, wakamtii mtu. Walikufa watu 71. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikawekwa wazi kwamba katika hali hiyo chombo hutiiwa na mtu huachwa.

Mwezi wa Machi 2009 mchezo wa kuongoza ndege ulipata umaarufu ambao Boku wa Kōkū Kanseikan haujapata kuuota, ila kwa sura nyingine kabisa. Kampuni ya Firemint ya Melbourne, Australia, ilitoa Flight Control kwa ajili ya simu ya iPhone. Mchezaji huigusa ndege kwa kidole, akaichorea mstari mpaka kwenye barabara yake, nayo ikaufuata mstari ule kwa utiifu. Ni mchezo mzuri, wenye rangi za kupendeza, ulionunuliwa na watu zaidi ya milioni, na sioni haya kusema kwamba unafurahisha. Lakini hauna neno hata moja. Kidole kimechukua mahali pa ulimi, mstari umechukua mahali pa ruhusa, na ndege haina mtu ndani yake wa kuitika. Aliyecheza huo amejifunza kuepusha vitu visigongane. Aliyecheza ule wa Kijapani amejifunza kwamba kati yake na ndege yuko mtu.

Tarehe 2 Januari 2024, jioni, kiwanja kile kile cha Haneda ambacho watoto wengi wa Kijapani wanakijua kwa mchezo kabla hawajakikanyaga, kilishuhudia ndege ya Japan Airlines nambari 516, iliyotoka Sapporo, ikitua na kuipiga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama juu ya barabara ya kurukia. Ndogo ile ilikuwa imebeba misaada ya waliopatwa na tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia huko Noto. Watu wote 379 waliokuwamo katika ndege ya abiria walitoka hai, nayo ikaungua mpaka ikabaki majivu. Katika walinzi sita wa pwani, watano walikufa. Mnara ulikuwa umewaambia watambae hadi mahali pa kungojea, na ukawaambia kwamba wao ni wa kwanza katika zamu. Hawakuwa wamepewa ruhusa ya kuingia barabarani. Nahodha aliamini amepewa.

Katika juma lile lile wizara ya uchukuzi iliweka Haneda mtu ambaye kazi yake ni kukitazama kioo kinachotoa onyo la ndege kuingia barabarani pasipo ruhusa, kisha kauli ya kumtajia rubani nambari yake katika zamu ikasimamishwa, isitumike minarani mpaka ichunguzwe. Baadaye mwaka huo huo ikarudishwa. Kwa watungaji wa Boku wa Kōkū Kanseikan, ambao tangu mwaka wa 1998 wameifuata kazi hii kwa mapenzi makubwa kuliko mtu yeyote mwingine, nina ombi moja. Rubani wao husikia kila kitu sawasawa, akakirudia sawasawa, na kukitenda sawasawa. Wamtie mchezoni, katika siku chache zisizotangazwa, rubani aliyechoka, ambaye ataambiwa angoje na kwa sauti ya utulivu atairudia amri nyingine karibu na hiyo, na wamwachie mchezaji sekunde kadhaa za kumkatiza.